Sala za Jioni Nyumbani kwa Protasi

Katika kigango chote hapakuwa na familia iliyosali kama ya Protasi, na hapakuwa na mwanamke aliyeumwa tumbo kama mke wake, Bonifasia. Watu wa kigango hawakuwahi kuyaunganisha mambo hayo mawili. La kwanza walilisifu, la pili walilitolea pole, maisha yakaendelea.

Tumbo lenyewe lilikuwa na adabu zake. Mchana kutwa lilimwacha alime, achote maji, apike. Lilianza jua likielekea vilimani, saa ambayo Protasi hunawa miguu, huvaa shati safi na kuitungua rozari msumarini. Hapo lilijikunja kama nguo inayokamuliwa. Mganga wa zahanati alimpa vidonge vyeupe vya kutafuna, akamwambia apunguze maharage. Katekista alimwambia aongeze sala. Bonifasia alikuwa mtiifu. Akapunguza maharage, akaongeza sala, na tumbo likazidi.

Protasi hakuwa mtu mbaya, na afadhali hilo lisemwe mapema. Alikuwa mzee wa kigango, mkulima hodari wa kahawa na ndizi, na tangu amuoe Bonifasia mwaka 1957 hakuwahi kumpiga hata kofi. Katika miaka ile mwanaume wa namna hiyo alihesabiwa jirani kabisa wa watakatifu. Lakini Protasi hakuhitaji fimbo. Alikuwa na maombi.

Rozari ikiisha, na litania ikiisha, ulifika wakati wa kila mmoja kutoa ombi lake. Nyumbani kwa Protasi "kila mmoja" alikuwa Protasi. Alifumba macho, akainua uso kuelekea kenchi za paa, akaanza.

"Ee Baba mwema, umwangazie mke wangu Bonifasia, atambue kwamba maharage yanayoungua ni jasho la mtu."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie," watoto waliitikia.

"Umponye kijana wetu Philbert ugonjwa wa kupitia kilabu cha pombe kila anapotumwa dukani."

"Ee Bwana, twakuomba utusikie." Philbert naye alitakiwa kuitikia, tena kwa sauti.

"Umfunge Secilia mdomo wake, umfungue masikio. Na umkumbuke Dafroza, ambaye jana alicheka katikati ya litania."

Ni kazi ngumu kwa mtoto, kushtakiwa na papo hapo kuwa mwitikiaji wa mashtaka. Kila mmoja aliifanya kwa namna yake. Secilia alitafuna kucha. Dafroza, kitinda mimba, alijifunza kusinzia akiwa amepiga magoti na mgongo umenyooka, kipaji ambacho baba yake alikidhania ni uchaji. Philbert alishikwa na kigugumizi. Shambani aliongea vizuri, mtoni aliongea kupita kiasi, lakini akiambiwa aongoze Baba Yetu ulimi wake uligoma kwenye neno la tatu au la nne, na Protasi akamalizia kwa haraka, kama mtu anayemwondolea mwenzake mzigo unaomtia aibu.

Bonifasia alijua kwamba sala inaweza kuwa kitu kingine. Mama yake alikuwa akisali huku anasaga mtama kwenye jiwe, Salamu Maria moja kwa kila kwenda na kurudi kwa mkono, na wao watoto walilala kwa sauti ile. Lakini mama yake hakujua kusoma, na hakuwahi kuwa mzee wa kigango. Labda ndiyo maana hakujua kwamba Mungu anatakiwa kupewa taarifa.

Kwa muda mrefu hayo yote yalibaki kati ya Mungu, familia na migomba. Nyumba yao ilikuwa mlimani huko Mbuba, katikati ya shamba, na kumfikia jirani ilibidi upige ukelele. Kisha ukaja mwaka 1974 na Operesheni Vijiji. Ikaamuliwa kwamba wananchi wakikaa pamoja watapata maendeleo, nao wakahamishiwa upande wa Bukiriro, viwanja vimepangwa kando ya barabara kama meno, mlango kwa mlango. Zahanati ya kijiji ilichelewa. Maji yalichelewa. Shule ilikuja bila paa. Maendeleo ya aina moja tu yalifika siku ileile ya kwanza: dhambi za Bonifasia zilianza kusikika nyumba sita kila upande.

"Baba Philbert," alimsihi mumewe, "hapa kuta ni za udongo na majirani wana masikio. Huwezi kusali kwa sauti ya chini?"

"Mimi sioni haya kumsifu Mungu mbele ya watu."

"Kumsifu sawa. Lakini jana ulimsifu kwa habari za sufuria yangu."

Jioni yake Protasi alimwomba Mungu amwondolee mke wake roho ya ubishi, na nyumba sita kila upande zikajua kwamba Bonifasia ana roho ya ubishi.

Nyumba ya pili ilikuwa ya Ngeleja, Msukuma aliyefika na ng'ombe wake kwa kupitia Biharamulo, pamoja na mkewe Nshoma na mtoto wao wa pekee wa kiume, Bulugu, aliyelingana umri na Philbert. Ngeleja hakuwa Mkristo. Alikuwa na mababu zake na hakuona sababu ya kuwabadilisha. Jioni yeye na mkewe walikaa nje na kibuyu cha maziwa ya mgando wakisikiliza. Redio kijijini ilikuwa moja tu, ya mwenyekiti, na betri zake zilikuwa adimu. Kwa Protasi hapakuhitajika betri.

"Mama Philbert," Nshoma alimwambia Bonifasia njiani kutoka kisimani, "jana hukutajwa. Uliumwa?"

"Nilipika viazi. Viazi vyangu haviungui."

Walicheka mpaka maji yakamwagika. Nshoma alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko kilichotangulia maneno yake kila mahali. Kisha akauliza, na hakuwa anatania:

"Huyo Mungu wenu haoni mpaka aambiwe?"

"Anaona kila kitu."

"Sasa mume wako huwa anamwambia nani?"

Bonifasia alirudi nyumbani na ndoo kichwani na swali lile, na swali ndilo lililokuwa zito zaidi.

Mambo yaliharibika kwa ajili ya chumvi. Ulikuwa mwaka 1976, na watu bado waliikumbuka njaa ya juzijuzi walipokula unga wa yanga, ule wa njano uliokuja kwa meli. Dukani chumvi ilionekana mara moja kwa mwezi, na watu waliipangia foleni kama wanaokwenda kuungama. Bonifasia alimmegea Nshoma viganja viwili. Nshoma alikuwa akimpa maziwa kila wiki, na hakuwahi kumtajia bei. Lakini Protasi aliona chombo kimepungua, na jioni hiyo Mbingu zilipelekewa habari.

"Ee Baba mwema, umsamehe mke wangu, anayechukua chumvi ya watoto na kuwapelekea watu wasiokujua."

Asubuhi Nshoma alikuja na chumvi yote, imefungwa kwenye jani la mgomba. Kicheko hakikumtangulia.

"Pokea, Mama Philbert. Sikujua kwamba imeandikwa mbinguni."

Bonifasia alisimama na lile jani mkononi mpaka jua likampanda kichwani. Jioni, rozari ilipoisha na mumewe alipovuta pumzi ya kuanza, yeye alimtangulia. Kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kufanya hivyo.

"Ee Baba mwema," alisema, kwa sauti ileile ya mumewe, ya kufika nyumba ya sita, "umkumbuke mtumishi wako Protasi, ambaye Ijumaa ya pili ya Kwaresima alikula nyama kwa haohao wasiokujua, ya ng'ombe wa Ngeleja aliyevunjika mguu, akarudi akitafuna majani ya mpera ili harufu ipotee."

Secilia aliacha kutafuna kucha. Hapo Dafroza, aliyekuwa na miaka saba na kazi yake anaijua, akaitikia kwa nguvu zake zote:

"Ee Bwana, twakuomba utusikie!"

Nyumba ya pili kigoda kilianguka, kikafuatiwa na kicheko cha Ngeleja, kikafuatiwa na kicheko cha Nshoma, ambacho kilikuwa kimepona.

Tangu siku hiyo mume na mke wale hawakusemezana tena moja kwa moja isipokuwa kwa jambo la dharura. Mengine yote yalipitia kwa Mungu. "Ee Bwana, umwoneshe baba wa nyumba hii kwamba paa linavuja upande wa jikoni." "Ee Bwana, umjalie mama wa nyumba hii subira mpaka nyasi zikauke." Padri alipotembelea kigango na kulala kwao siku mbili, alisema hajapata kuona mume na mke wanaoshirikiana hivyo katika sala. Jumapili akawatolea mfano mbele ya waamini wote. Ngeleja aliposimuliwa habari hiyo alilazimika kushika nguzo ya zizi.

Kwa wiki chache Bonifasia alitembea kama mshindi. Kisha akagundua kwamba tumbo halijamwacha, limehama tu, limepanda kifuani. Sasa jua likielekea vilimani moyo ulimwenda mbio, kwa sababu mchana kutwa alikuwa akikusanya makosa ya mumewe ya kutaja jioni, na makosa ni mzigo hata yakiwa ya mwingine. Alikuwa amejifunza kurusha mawe, hakuwa amejifunza kupumzika. Siku moja akipokea sahani kutoka kwa Secilia aliona vidole vya binti vimetafunwa mpaka damu. Alivishika, akaviangalia, akaona aibu. Lakini jioni ilifika, Protasi akataja uji uliopoa, naye akajibu. Vita ya namna hiyo ina utamu wake.

Vita nyingine ilikuja mwaka 1978 mwishoni mwa Oktoba. Redio ya mwenyekiti ilipata betri, na kijiji kizima kilisimama uani kwake kusikia kwamba majeshi ya Amin yamevuka mpaka kule kaskazini ya Mto Kagera, yanaua watu na kuswaga ng'ombe. Wakatafutwa vijana wa mgambo. Philbert alikuwa na miaka ishirini. Alijiandikisha siku ya kwanza, yeye na Bulugu, wakiwa wameshikana mikono.

Bonifasia alimfuata shambani.

"Mwanangu, hakuna aliyekulazimisha. Kwa nini?"

Philbert aliendelea kukata majani ya mgomba. Alipojibu hakugugumia hata kidogo.

"Kule watanifokea wao wenyewe, mama. Hawatamwita na Mungu aje asikilize."

Asubuhi ya kuondoka, Ngeleja alimpulizia mwanawe maji kifuani kwa mdomo kama wazee wao wanavyobariki, akamwambia maneno matatu manne, basi. Bulugu akachukua kifurushi chake, akasimama njiani kumsubiri mwenzake. Alisubiri sana. Nyumba ya jirani Protasi alikuwa ameikusanya familia uani na kufumba macho. Alimwomba Mungu amlinde Philbert, na hapo angeishia ingekuwa sala njema kuliko zote alizowahi kutoa. Hakuishia hapo. Alipita kilabu cha pombe, akapita jembe lililopotea mwaka juzi, akafika kwenye "umfundishe huko utii alioukataa nyumbani." Kisha akamwagiza aongoze Baba Yetu.

"Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litu... litu..."

"Litukuzwe," alimalizia Protasi, na kuisali yote iliyobaki.

Philbert alisema amina, akamkumbatia mama yake, akawagusa dada zake vichwani, akamwambia baba yake "Shikamoo." Protasi akaitika "Marahaba." Wale vijana wawili wakaenda zao kwa miguu kuelekea Ngara mjini, kwenye malori.

Miezi ya kwanza Protasi alisali kuliko alivyowahi kusali. Novena, sala ya siku tisa, haikuisha kabla nyingine haijaanza. Barua haikuja. Redio ilisema majeshi yetu yanasonga mbele, kila siku yanasonga mbele, na haikutaja hata mara moja kama Philbert ana viatu. Kisha ikaja jioni moja ya Februari. Protasi alimaliza rozari, akainua uso.

"Ee Baba mwema, umwangazie kijana wetu Philbert, ambaye..."

Akanyamaza. Watoto walisubiri. Bonifasia alifumbua macho akamwona mumewe kinywa wazi, anatafuta. Miaka ishirini alikuwa hajawahi kukosa kosa la Philbert. Sasa alikuwa anapekua kichwa chote na hapati hata moja ambalo angependa Mungu alisikie. Aliiweka rozari juu ya goti, kisha akainuka, akatoka nje.

Hakusali tena. Akawa halali, na chakula anakigusa tu na kukirudisha. Mchana alionekana katikati ya kahawa amesimama na jembe, anatazama barabara. Katekista alikuja kumfariji. Alimweleza kwamba imani yake ni haba, kwamba wasiwasi ni mlango wa shetani, na kwamba afunge siku tatu. Ulikuwa ushauri mzuri kwa mtu ambaye tayari alikuwa hali.

Bonifasia alitegemea kwamba zile jioni za kimya zitakuwa mapumziko. Badala yake kimya kile kilikaa nyumbani kama maji ya mafuriko. Hata Ngeleja alikuja kuuliza.

"Baba Philbert anaumwa? Siku nyingi hatusikii kitu."

"Amechoka."

"Sisi tulizoea," alisema Ngeleja, akakuna kichwa. "Hata mke wangu anauliza. Na huyu wetu naye hatusikii habari zake."

Bonifasia alianza shambani, bila kukusudia. Alikuwa anapandisha matuta ya viazi, na hofu ilikuwa imemkaba. Mkono ukashuka na jembe, mdomo ukasema Salamu Maria. Ukapanda, ukasema tena. Hakuomba kitu. Hakuwa na nguvu ya kuomba kitu. Alipofika mwisho wa tuta la nne aligundua kwamba pumzi yake imefuata jembe, inaingia na kutoka kama ya mtu mzima wa afya. Philbert alikuwa bado huko aliko. Hofu ilikuwa bado ipo. Lakini ilikuwa imekaa chini kidogo, kama mgeni aliyeoneshwa kigoda, na Bonifasia aliweza kufanya kazi ilhali ipo.

Jioni hiyo alitandika mkeka, akawaita mabinti.

"Bwana, tupo," alisema. "Philbert hayupo. Bulugu hayupo. Tunaogopa."

Akanyamaza. Dafroza alisubiri, akasubiri, kisha akafumbua jicho moja.

"Mama, na dhambi?"

"Leo hazipo."

"Zote?"

"Zote. Kaa kimya na wewe, sikiliza mvua."

Wakakaa, wakaisikiliza. Haikufika dakika kumi. Secilia alilia kidogo, na hakuna aliyemwombea aache. Waliendelea hivyo kila jioni. Protasi kwanza alisikiliza akiwa nje, ameegemea ukuta. Baada ya wiki alikaa kizingitini. Siku ya Pasaka aliingia, akakaa mwisho wa mkeka kama mgeni, na mkewe alipomaliza maneno yake machache, yeye alisema "Amina" peke yake. Usiku huo alilala mpaka jogoo akawika. Kampala ilikuwa imetekwa wiki hiyohiyo, kijiji kikapiga ngoma, lakini Bonifasia aliona ushindi mkubwa zaidi ni kwamba mume wake amekoroma.

Philbert alirudi Septemba 1979, mchana wa jua kali. Bonifasia alikuwa anapepeta maharage uani. Alimwona toka mbali, mwembamba, koti la jeshi limemzidi mabega, vifurushi viwili. Ungo ulimdondoka. Akasimama, akanyoosha mikono.

Philbert alimwona mama yake. Akamtazama, akainamisha kichwa, akapita. Alipita mlango wa kwao, akaingia uani kwa Ngeleja, na kile kifurushi cha pili.

Bonifasia alielewa kabla sauti haijatoka. Kisha sauti ya Nshoma ikatoka, na nyumba sita kila upande zikasikia.

Wakati huo Protasi alikuwa ametokea shambani mbio, ameambiwa mwanawe amepita barabarani mzima. Hakujua jingine. Miezi yote ile ya kimya ilimpasuka kifuani, akapiga magoti palepale uani juu ya maharage yaliyomwagika, akainua mikono na ile sauti yake ya zamani.

"Ee Baba mwema! Umesikia kilio cha mtumishi wako! Nilikuomba nawe umenijibu! Umemrudisha..."

"Nyamaza, Protasi."

Bonifasia alikuwa hajawahi kumwita hivyo kwa jina kavu. Protasi aligeuka.

"Nyamaza. Bulugu amekufa. Mama yake anakusikia."

Lilikuwa neno la kwanza la maana alilomwambia mumewe ana kwa ana, bila kulipitisha mbinguni, kwa zaidi ya miaka mitatu. Protasi alibaki na mikono juu. Taratibu ikashuka. Aliinuka, akakung'uta maharage magotini, akatoka kwenda kwa Ngeleja. Huko alikaa juu ya gogo kando ya mwenye msiba mpaka giza likaingia. Watu waliokuja walitegemea mzee wa kigango aseme kitu, na kila mmoja alimpisha aseme. Hakusema. Kesho yake alikwenda tena na kukaa vilevile. Waliomjua Protasi walisema kwamba kama kuna muujiza uliotokea kijijini mwaka ule, ni huo.

Jumapili, kanisani, katekista alisimama na furaha yake.

"Mnaona, ndugu zangu, nguvu ya sala! Mzee Protasi alisali, na kijana wake huyu hapa."

Bonifasia alisimama upande wa akina mama.

"Na nyumba ya pili? Mama Bulugu naye alikuwa akiomba kila asubuhi. Nilikuwa namsikia."

"Mama, wale si wenzetu," alisema katekista kwa upole wa mtu anayefafanua somo.

"Risasi haikuuliza."

Akakaa. Akina mama wawili waliguna. Protasi, aliyekuwa benchi la mbele, alitazama mikono yake, wala jioni ile hakumwombea mke wake kitu chochote. Karatasi ya serikali ilifika kwa Ngeleja baada ya mwezi, na muhuri wake wa duara, imeandikwa "Burugu." Ngeleja aliikunja akaiweka kwenye paa, mahali pa vitu visivyo na kazi.

Philbert hakuwa amerudi mzima kama kijiji kilivyodhani. Sufuria ikianguka alikuwa chini ya kitanda kabla haijamaliza kulia. Alikaa siku nzima zizini kwa Ngeleja, kwa sababu ng'ombe hawamwulizi mtu habari za vita. Jioni alikaa mkekani pamoja nao na hakusema kitu, na walimwacha. Mara moja tu alijaribu Baba Yetu. Aligota kwenye neno la pili, akabaki hapo, jasho linamtoka. Bonifasia alimwona Protasi ameshika goti lake mwenyewe kwa nguvu, kama mtu anayemzuia mbwa. Walisubiri. Ilichukua muda mrefu mno, ndizi zikapoa jikoni, lakini sala ilifika mwisho na aliyeifikisha ni Philbert.

Mwaka uliofuata Ngeleja aliamua kuhama. Malisho yalikuwa yameisha, alisema, na kila mtu alijua kwamba malisho si sababu. Alikuwa anarudi upande wa Biharamulo, kwa ndugu zake. Bonifasia alimsindikiza Nshoma mpaka kwenye mteremko ambapo barabara inaingia msituni. Ng'ombe walikuwa wametangulia, na Ngeleja na Philbert nyuma yao.

"Mama Philbert," Nshoma alisema, "jioni mnapokaa mkekani, mtajeni na wangu."

Bonifasia alifikiri haraka. Bulugu hakubatizwa, hakuwa kwenye kitabu chochote cha parokia, na nyumbani alikuwa na mume anayezijua taratibu zote kwa namba.

"Tutamtaja."

"Hata kama Mungu wenu hamjui?"

"Atamjua tu. Tutamweleza."

Nshoma alimshika mikono yote miwili, akaiachia, akaenda kufuata vumbi la ng'ombe wake.

Jioni Philbert aliporudi walikaa kama kawaida. Bonifasia alisema maneno yake, kisha akasema, "Na Bulugu wa Ngeleja." Protasi aliinua kichwa. Midomo yake ilicheza, na Bonifasia alijua kabisa swali gani liko pale, maana alikuwa ameishi na maswali ya namna hiyo miaka ishirini na mitatu. Lakini Protasi alilimeza.

"Tumweleze vipi?" aliuliza badala yake, kwa sauti ya chini. "Mimi sikumjua sana yule kijana."

Philbert alikohoa.

"Alikuwa anaogopa maji," alisema. "Tulipofika mtoni alisema hawezi kuvuka. Nikamwambia anishike mkanda." Mkono wake ukashuka kiunoni. "Akanishika mkanda."

Akaendelea. Aliongea polepole, akigugumia hapa na pale, na wote wanne walimgeukia mkekani wakasikiliza.